Mkataba wako uko Posta, wewe uko Tegeta

Swali: "Shikamoo mama. Nina miaka 31, ni mchambuzi wa mikopo katika kampuni ya huduma za fedha yenye ofisi Posta. Tangu Januari idara yetu inafanyia kazi nyumbani siku nne, ofisini tunaenda Jumanne tu. Mwanzoni nilimshukuru Mungu, maana nakaa Tegeta na nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kuwahi gari. Sasa nimechoka kuliko zamani. Nafanyia kazi sebuleni kwenye meza ya chakula. Bando nanunua mwenyewe, umeme ni luku yetu. Kiongozi wetu anatuma kazi kwenye grupu la WhatsApp mpaka saa nne usiku, na asiyejibu anatajwa asubuhi. Mama mkwe yuko nasi, mtoto ana miezi saba, na kwa kuwa wananiona nipo, kila kitu naitwa mimi. Mwezi uliopita mwenzangu anayekwenda ofisini kila siku kwa hiari yake alipewa uongozi wa timu, na mimi nimemtangulia kazini kwa miaka miwili. Je, niombe kurudi ofisini moja kwa moja, au niache kazi? Na haya ya bando na usiku nina haki ya kuyadai, au nitaonekana sina shukrani?"

Jibu: Marahaba mwanangu.

Neno lako la mwisho ndilo lililonikalisha chini kuandika. Shukrani. Nimefanya kazi ya utumishi kwenye taasisi za fedha hapa Dar kwa miaka kumi na tisa, na tangu kazi za nyumbani zianze kuzoeleka, hilo ndilo neno ninalokutana nalo kuliko yote. Mtu ananunua bando la kazi kwa mshahara wake, anajibu meseji huku anambembeleza mtoto, halafu anaogopa kuuliza kwa sababu aliambiwa kukaa nyumbani ni upendeleo. Si upendeleo. Kampuni ilipiga hesabu zake ikaamua, na wewe ukahamishwa kituo cha kazi, kama ambavyo ungehamishiwa Morogoro au Mwanza. Tofauti ni kwamba anayehamishiwa Mwanza hupewa barua. Wewe ulitangaziwa kikaoni.

Kwa hiyo usiombe kurudi ofisini moja kwa moja, na usiache kazi. Bado. Ninavyokusoma, kinachokuchosha si nyumba yako. Mkataba wako uko Posta, wewe uko Tegeta, na katikati hapo hakuna karatasi inayosema nani analipa nini, kazi inaanza saa ngapi na inakwisha saa ngapi. Ofisini mambo hayo yalikuwa yanajipanga yenyewe: mlinzi anazima taa, wenzako wanafunga mabegi, gari la mwisho linakuita. Sebuleni kwako hakuna mlinzi wa kuzima taa.

Utoe mkataba wako kabatini leo. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi, na kati ya yanayotakiwa kuwemo ni mahali pa kazi na saa za kazi. Naamini wako unasema ofisi ya Posta. Kifungu hichohicho kinasema jambo lolote kati ya hayo likibadilika, mwajiri ashauriane na mwajiriwa, arekebishe maelezo yale na kumjulisha kwa maandishi. Ndugu zangu wengi hudhani kuomba karatasi ni kuanzisha ugomvi. Hapa unaomba kitu ambacho sheria imeshamwagiza mwajiri akupe.

Kuna anayeweza kusema serikali yenyewe iliwahi kufanya hivyo bila makaratasi mengi. Ni kweli: Januari 2025, ulipofanyika hapa Dar mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika kuhusu nishati na barabara kadhaa zikafungwa, watumishi wa umma waliambiwa wafanyie kazi nyumbani tarehe 27 na 28. Zile zilikuwa siku mbili. Siku mbili mtu anakula bando lake na maisha yanaendelea. Siku nne za kila wiki, mwezi baada ya mwezi, ni mpangilio wa ajira, na mpangilio wa ajira una sehemu yake ya kuandikwa.

Mahali pa kazi pakishaandikwa, kuna jambo ambalo watu hawalikumbuki mpaka siku ya balaa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipa kwa ajali na ugonjwa uliotokana na kazi. Ukijikwaa kwenye waya wa kompyuta sebuleni saa tano asubuhi ukavunjika mkono, kitakachoulizwa ni kama ulikuwa kazini. Mwenye karatasi inayosema "mahali pa kazi: nyumbani Tegeta, Jumatatu hadi Ijumaa isipokuwa Jumanne" ana pa kuanzia. Mwenye mkataba unaosema Posta ataanza kueleza alikuwa anafanya nini nyumbani siku ya kazi.

Nije kwenye usiku. Sheria imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, zinafanywa kwa makubaliano, hazizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ni kazi ya usiku, nayo ina nyongeza yake ya asilimia 5 kwa kila saa. Kisha kuna mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na inayofuata. Hesabu mwenyewe: ukijibu meseji ya kazi saa nne usiku na kuingia kwenye mfumo saa mbili asubuhi, umepumzika saa 10. Mapumziko hayo yanaweza kupunguzwa kwa makubaliano ya maandishi, na ndiyo maana nakusihi usome kila karatasi kabla hujaweka sahihi, hata ile wanayoiita fomu ya kawaida tu.

Kanuni hizi za saa haziwahusu wale wanaosimamia wafanyakazi wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Wewe mchambuzi si mmoja wao. Mwenzako aliyepewa timu naye asijidhanie mkubwa mapema. Kama bado anaripoti kwa meneja wa kati, saa zake zinahesabika.

Sitaki umchukie kiongozi wako. Nimekaa na viongozi wengi wa aina yake. Mchana kutwa yuko kwenye vikao vya mtandaoni, anapata nafasi ya kugawa kazi baada ya watoto wake kulala, na anatuma hapohapo asije akasahau. Wengi hawajui kwamba meseji ya saa nne usiku inapokelewa kama amri. Niliwahi kumwomba mmoja aendelee kuandika usiku kama anavyopenda, ila aweke muda wa ujumbe kutoka saa mbili asubuhi. Alinishangaa, akajaribu, na baada ya wiki tatu akaniambia hakuna kazi hata moja iliyoharibika. Kinachonikera katika maelezo yako ni hilo la kumtaja asubuhi asiyejibu. Hilo linageuza grupu kuwa daftari la mahudhurio ya usiku, na ni lazima likomeshwe kwa jina lake.

Fanya hivi kwa wiki nne. Chukua daftari la kawaida, kila siku uandike saa uliyoanza, saa uliyomaliza, na kila meseji ya kazi iliyoingia baada ya saa kumi na mbili jioni, nani katuma na ulitumia dakika ngapi kuijibu. Usilitangaze, na usitie chumvi. Daftari lenye dakika 15 hapa na 40 pale lina nguvu kuliko malalamiko ya "nafanya kazi usiku na mchana".

Kwenye daftari hilohilo weka gharama. Bando ni rahisi, meseji za mtandao wako zinabaki kwenye simu. Umeme watu wanaona aibu kuutaja, kama vile ni vijisenti. Kompyuta yenye chaja ya wati 65 na feni ya wati 60, kwa saa tisa, ni zaidi kidogo ya uniti moja kwa siku. Kwa siku nne za wiki, mwezi mzima unafika kama uniti 18. Kwa nyumba kubwa si nyingi. Lakini kama nyumba yenu iko kwenye bei nafuu ya wateja wadogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti 18 zinaweza kuwavusha mpaka, na kila uniti inayozidi pale mnailipia bei ya juu zaidi. Hapo kazi ya kampuni imebadilisha bajeti ya mama mkwe.

Ukiulizwa unapendelea nini, usiombe posho ya fedha taslimu. Omba laini ya kampuni yenye bando la kampuni, na kifaa chake cha mtandao. Nimeona posho hizo zikiingizwa kwenye mshahara, zikizoeleka, na baada ya mwaka mmoja hakuna anayekumbuka zilikuwa za nini. Bando likipanda bei, posho inabaki palepale. Laini ya kampuni ikiisha bando saa nane mchana, aliyekwama ni kampuni.

Yaandikwe pia ya siku mtandao ukianguka wenyewe. Unakumbuka Mei 2024, mikongo ya mawasiliano ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini na intaneti ya nchi nzima ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa? Kuna watu waliokatwa siku za likizo kwa "kutopatikana". Sentensi moja inatosha: umeme au mtandao ukikatika kwa sababu isiyo ya mfanyakazi, atoe taarifa kwa simu ndani ya nusu saa na siku yake ihesabiwe. Na kama mnaingia kwenye mfumo wa kampuni kwa VPN, yaani njia ya siri ya mtandao inayokuunganisha na ofisi ukiwa mbali, uliza kwa upole kama kampuni imeitolea taarifa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Oktoba 2023 mamlaka hiyo iliwataka watu na kampuni zinazotumia VPN wajieleze. Hilo ni jukumu la ofisi, lakini inayotumika ni kompyuta iliyoko mezani kwako.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye hiyo meza ya chakula, kwa sababu hujaniuliza habari zake na mimi ndizo zilizonikosesha usingizi.

Mwaka 2020, ofisi niliyokuwa nayo ilipopunguza watu ofisini kwa ajili ya korona, tulimpa simu kijana mmoja wa kitengo cha marejesho akafanyie kazi kwake. Alikuwa amepanga Mbagala, chumba kimoja kwenye nyumba ya korido, vyumba vitatu huku vitatu kule, mlangoni pazia. Joto la Mbagala unalijua. Alikuwa anapiga simu mlango ukiwa wazi. Siku moja akampigia mama mmoja muuza chakula: "Mama Fulani wa pale kituoni, rejesho lako la wiki ya tatu halijaingia." Alitaja jina na kiasi. Ng'ambo ya korido jirani alikuwa anachambua mchele, na huyo mama anamjua, wanacheza mchezo pamoja. Jioni mtaa mzima ulikuwa unajua. Wiki iliyofuata kikundi kikamnyima zamu yake ya kupokea, eti fedha zitaishia kwenye deni.

Yule mama alikuja ofisini kwetu kwa miguu yake. Hakupiga kelele. Aliweka kadi ya mkopo mezani kwangu, akaisukuma taratibu kwa kidole mpaka ikanifikia, akasema, "Mimi nilikopa kwenu, sikukopa kwa mtaa." Tulimwomba radhi, tukamwongezea muda wa kulipa, lakini zamu yake ya mchezo hatukuweza kumrudishia. Yule kijana wala hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu, mimi nikiwemo: tulimpa simu, orodha ya majina na lengo la siku, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anakaa wapi anapoongea.

Ndiyo maana nasema kwa kazi yetu ya fedha, chumba chenye mlango ni kifaa cha kazi kama ilivyo kompyuta. Mwandishi wa matangazo anaweza kukaa kibarazani. Wewe mbele yako kuna mishahara ya watu, madeni yao, namba zao za NIDA, na wakati mwingine barua za hospitali za mtu anayeomba kuahirishiwa rejesho. Mama mkwe wako ni mtu mwema, sina shaka. Hata hivyo siri ile si yake, na si haki kwake kuibeba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaibana kampuni juu ya taarifa hizi popote zilipo, hata zikiwa kwenye meza ya chakula Tegeta.

Niseme na la grupu. Umeniambia kazi inatumwa WhatsApp. Kama katika kazi hizo kuna picha za vitambulisho vya wateja au hati zao za mshahara, ujue kila picha huenda imeshajihifadhi kwenye simu za watu wote wa grupu, pamoja na simu ambayo mtoto wa mwenzako anachezea michezo. Hiyo ni hatari kubwa, na ndipo penye hoja yako yenye nguvu kuliko zote. Meneja anaweza kupuuza uchovu wako. Hatapuuza ukimwonyesha kwa utulivu kwamba picha za NIDA za wateja zinazunguka kwenye simu binafsi saa nne usiku. Peleka hoja hiyo kwanza, na la usiku litakwisha nalo: kazi ikirudi kwenye mfumo wa kampuni, mfumo una saa za kufungwa.

Wakati unasubiri, meza isogeze. Hata kona ya chumba cha kulala inafaa, uso wako ukielekea mlangoni na kioo cha kompyuta kikielekea ukutani. Nunua hedifoni. Ukiongea na mteja mwite "mteja wetu", kiasi na jina aviseme yeye. Kila unapoinuka kwa mtoto funga kioo kwa neno la siri, hata ikiwa ni dakika mbili. Na neno hilo asilijue mtu, mume akiwemo. Mumeo hana ubaya, ila kwenye mikopo anayeingiza maombi hawi anayeidhinisha, na kila hatua inabaki na jina la aliyeifanya. Jina lako lisionekane pahali ambapo mkono wako haukufika.

Kuna jambo jingine la kazi yako ambalo nyumbani linapotea bila mtu kuliona. Ofisini, hati ya mshahara ikikutia shaka, ungeinua karatasi na kumwambia wa jirani, "Hebu utazame muhuri huu." Dakika moja, macho mawili yamekuwa manne. Matapeli wa hati wengi nilioona wakikamatwa walikamatwa namna hiyo, kwa jicho la jirani. Peke yako huna wa kumwinulia karatasi, na saa tatu usiku macho yamechoka. Tafuta mwenzako mmoja mliyeelewana, kila mmoja awe anampigia mwingine pale anaposita, ndani ya mfumo wa kampuni. Usiidhinishe mkopo wenye shaka usiku. Uache mpaka asubuhi.

La cheo sasa. Najua ndilo linalouma.

Kuna utafiti ambao watu wa fani yangu tunaurejea mara kwa mara, uliofanywa na Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake katika kampuni ya usafiri ya Ctrip, Shanghai, mwaka 2010 na 2011. Wafanyakazi wa kupokea simu waliojitolea waligawanywa: wengine nyumbani siku nne na ofisini siku moja, kama ninyi hasa, wengine wakabaki ofisini. Baada ya miezi tisa wa nyumbani walikuwa wamefanya kazi zaidi kwa asilimia 13, kwa sehemu kubwa kwa kuwa walikaa kazini dakika nyingi zaidi, na walioacha kazi walipungua kwa nusu. Waajiri hulitaja hilo kwa sauti kubwa. Wanayoyanyamazia ni mengine mawili. Ukilinganisha na ufanisi wao, wa nyumbani walipandishwa vyeo mara chache zaidi. Na jaribio lilipokwisha, karibu nusu yao waliomba kurudi ofisini, upweke ukiwa sababu kubwa. Tena tangu mwanzo, asiye na chumba chake cha kufanyia kazi hakuruhusiwa kushiriki. Nyumba zenye meza ya chakula sebuleni hazikuingia kwenye hesabu ile.

Kwa hiyo kilichokupata si uvivu wako wala uchawi wa mwenzako. Aliyeonekana alikumbukwa. Baadaye, kampuni hiyohiyo ikiwa inaitwa Trip.com, Bloom na wenzake walijaribu tena na watu 1,612, safari hii nyumbani siku mbili tu kwa wiki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024: walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja, na vyeo havikuathirika kwa muda wa miaka miwili waliyofuatiliwa. Shanghai si Dar, na huko watu hawatoki Tegeta kwa foleni ya Africana na Mwenge. Lakini nikichanganya utafiti ule na niliyoyaona, ushauri wangu kwako ni kuongeza siku moja ya ofisini. Ziwe mbili, na ya pili uichague kwa akili: usitazame foleni, tazama kamati ya mikopo inakaa siku gani. Mchambuzi aliyekaa chumbani kamati inapouliza "huyu mteja amepimwaje?" na akajibu mwenyewe, hahitaji kukumbushwa jina lake wakati wa vyeo. Mwisho wa mwezi umwandikie meneja mistari michache: maombi uliyochambua, uliyoyakataa na kwa nini, mikopo yako inavyorejeshwa. Usingoje tathmini ya mwaka.

Kuhusu mwenzako, mpongeze. Halafu umuulize meneja ana kwa ana, "Nilipungukiwa nini, na nifanye nini ili nafasi ijayo nihesabiwe?" Swali hilo halina hasira ndani yake, na jibu lake uliandike.

Nyumbani kwako siwezi kuingia sana, ila nikupe nililoliona kwa mama mmoja wa Kimara, mfanyakazi wa bima. Alikuwa na kanga moja ya kijani. Ikining'inia kwenye kitasa cha mlango wa chumba, mama yuko kazini: asiitwe kwa chumvi, asiitwe kwa mgeni, aitwe kwa mtoto kuumwa au moto. Saa saba mchana anaitoa, anakaa na watu wake saa nzima. Anairudisha. Saa kumi na moja jioni anaikunja na kuiweka kabatini pamoja na kompyuta. Mama yake mzazi, ambaye mwanzoni alinung'unika kwamba mtoto wake amekuwa mgeni nyumbani, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kwa anayegusa ile kanga. Mama mkwe hakuoni ukifanya kazi, anakuona umekaa. Mkalishe siku moja pembeni, bila taarifa za wateja mbele, umweleze kwamba mshahara ule unaolipa ada na mboga unatoka kwenye kiti hiki. Mumeo awepo, na aseme yeye kwanza.

Na mtoto wa miezi saba ananyonya, naamini. Sheria inakupa muda wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi, mpaka saa mbili kwa siku. Haki hiyo haikubaki Posta ulipohamia Tegeta. Iandike kwenye ratiba yako, saa nne na saa tisa kwa mfano, ili asikutafute mtu wakati huo kisha akakutaja asubuhi.

Kama kazini kwenu kuna tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi, onana na mwakilishi wenu kabla ya kuandika. Suala hili ni la idara nzima, na likiingia kwenye mkataba wa hali bora, ule wa chama na mwajiri, halitategemea moyo wa meneja mmoja. Ukikataliwa kila kitu ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi, lakini sidhani utafika huko. Kampuni nyingi hazikuandika kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Barua iwe fupi, bila lawama: "Kufuatia idara yetu kufanyia kazi nyumbani tangu Januari, naomba maelezo ya maandishi ya ajira yangu yarekebishwe ili yaonyeshe mahali pa kazi, saa za kazi na za kupatikana, vifaa na gharama za mawasiliano, na utaratibu wa kutunza taarifa za wateja nje ya ofisi. Naambatanisha kumbukumbu zangu za wiki nne. Napendekeza pia siku zangu za ofisini ziwe Jumanne na siku ya kamati ya mikopo."

Nakala mbili. Ipeleke Jumanne, mkononi kwa afisa utumishi, na usiondoke dirishani mpaka nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.